Somo Tulilolidharau Ndilo Linalonilisha

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa vyuo yakitoka, napata ujumbe uleule kutoka kwa wadogo zangu wa mtaani: "Kaka, nimepata mifumo ya taarifa. Kuna ajira huko, au ningeomba sayansi ya kompyuta?" Ndani ya swali hilo mna dharau ambayo hata mimi niliingia nayo chuoni. Tuliiona kozi kama popo: biashara si biashara, kompyuta si kompyuta.

Mwaka wa pili tulikuwa na somo la uchambuzi na usanifu wa mifumo. Kwetu lilikuwa porojo. Mhadhiri anachora viboksi na mishale, anakutuma ukamhoji mwenye duka jinsi anavyokopesha wateja, na sisi roho zetu ziko kwenye kuandika programu. Tulikwenda darasani ili tusaini mahudhurio. Wenzetu kadhaa wakala sapu, wakarudia mtihani.

Kisha tukaenda fildi, mafunzo ya vitendo kazini. Mimi nilipangiwa stoo ya dawa ya hospitali moja ya wilaya, chini ya mama mtu mzima aliyekuwa na leja ya serikali mezani na kaunta buku kuukuu kwenye droo. Kwa wiki tatu nikamtengenezea programu ya kuhesabia dawa, ina grafu na rangi za kupendeza. Akaitumia siku nne. Siku ya tano nikamkuta amerudi kwenye kaunta buku yake.

"Mama, programu imegoma?"

"Haijagoma, mwanangu. Haijui kuazimana."

Zahanati ya jirani ikiishiwa, alikuwa akiwapa makopo mawili ya amoksisilini, nao wanarudisha mzigo wao ukifika kutoka Bohari ya Dawa. Programu yangu ilijua kuingia na kutoka basi. Kwa mama yule, kopo lililoazimwa lilikuwa bado lake, ila limelala kwa jirani. Ningekaa naye siku mbili tu na kumwuliza lile daftari la droo ni la nini, ningeokoa wiki tatu. Na swali hilo ndilo tulilofundishwa kuuliza, kwenye somo la viboksi na mishale.

Watu wengi wakisikia mfumo wa taarifa wanafikiria kompyuta. Lakini MTUHA, vile vitabu vikubwa ambavyo muuguzi anajaza kwa kalamu kila mgonjwa anapohudumiwa, ni mfumo wa taarifa kamili, na umefanya kazi mahali pasipo hata umeme. Siku hizi takwimu za vitabu hivyo zinaingizwa kwenye DHIS2, programu ya kukusanya takwimu za afya ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini miaka ya 1990, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Programu hiyo ni nzuri, nimeitumia. Ila muuguzi akiwa peke yake zamu nzima na foleni imefika nje, akajaza rejista jioni kwa kukumbuka, hakuna kompyuta itakayoinyoosha takwimu hiyo. Wa kuliona hilo ni mtu aliyefunzwa kutazama kazi yenyewe kabla ya kutazama skrini.

Hata upande wa ufundi, kilichonisaidia ni kile kikongwe. Lugha ya programu niliyofundishwa mwaka wa kwanza sijaigusa tangu nihitimu. Lakini kanuni za kupanga majedwali ya kanzidata, alizozianzisha Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, nazitumia kila siku ya Mungu: taarifa moja ikae mahali pamoja, la sivyo mteja atahama nyumba na nusu ya mfumo itaendelea kumtafuta kwenye anwani ya zamani.

Lakini vyuo vyetu navyo sivitetei kwa kila kitu. Kumwandikisha mwanafunzi programu kwa kalamu kwenye karatasi ya mtihani ni mateso yasiyo na faida. Na kosa kubwa zaidi: tulipewa data safi miaka yote mitatu. Majina kumi, umri kumi, hakuna kilichokosewa. Kazini sijawahi kukutana na data ya namna hiyo.

Ndiyo maana kijana wa fildi akija ofisini kwetu, simpi programu ya kuandika. Wa mwisho nilimkabidhi faili la vituo vya afya ambamo zahanati moja imeandikwa "Mtakuja", "MTAKUJA DISP", "Zah. ya Mtakuja" na "Mtakuja 2". Nikamwambia apate orodha moja. Nilitegemea ndani ya nusu saa atakuwa ameunganisha zote na kuondoka kunywa chai. Saa kumi jioni alikuwa bado ameinamia meza.

"Kaka, hii Mtakuja 2 ina kata tofauti. Ni kosa la uandishi, au kuna vijiji viwili?"

Tukapiga simu wilayani. Vilikuwa viwili.