Khaleesi Apelekwe Isanga Ipi?

Hapa Dodoma ukisema unakwenda Isanga, lazima umalizie. Kuna Gereza Kuu la Isanga, na kuna Taasisi ya Isanga, pacha wa Hospitali ya Mirembe, wanakopelekwa watu wenye kesi nzito ambao mahakama imetilia shaka akili zao. Jina moja, mageti mawili. Nyuma ya geti moja wamo waliohukumiwa kwa walichofanya. Nyuma ya lile jingine wamo ambao sheria inasema mikono ni yao, lakini akili hazikuwa zao.

Tofauti hiyo imenirudia wiki iliyopita nikiwa kwenye bajaji ya kutoka Sabasaba kwenda Nkuhungu. Nyuma imeandikwa KHALEESI kwa herufi nyekundu, na chini yake limechorwa joka ambalo, kwa heshima zote kwa fundi, linafanana zaidi na kenge. Abiria mwenzangu, kijana mwenye begi la chuo, akamchokoza dereva: "Kaka, bado unatembea na huyu kichaa?" Dereva hata hakugeuka. "Kichaa nani? Yule wamemsingizia." Nilitakiwa nishuke sokoni. Nikapitiliza.

Kwa ambaye hakuifuatilia: Khaleesi ni cheo cha Daenerys Targaryen, aliyeigizwa na Emilia Clarke kwenye Game of Thrones, tamthilia ya kituo cha runinga cha HBO iliyoanza Aprili 2011 na kumalizika Mei 2019. Yatima wa mfalme aliyepinduliwa, akaozwa na kaka yake kama mbuzi wa mnadani, akaangua majoka matatu, akakomboa watumwa mji baada ya mji. Kisha ikaja sehemu ya tano ya msimu wa nane, iitwayo "The Bells". Marekani ilirushwa usiku wa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2019. Kwetu ilikuwa Jumatatu saa kumi alfajiri, wiki ya kwanza ya Ramadhani. Nyumba niliyopanga Makole ilikuwa macho yote, nusu wanakula daku, nusu tumejazana chumbani kwa jamaa aliyelipia king'amuzi. Khaleesi yuko juu ya ukuta wa mji wa adui yake, amekaa juu ya joka. Jeshi la mji limetupa silaha. Kengele zinalia, maana yake mji umesalimu amri. Yeye anaruka na kuanza kuchoma, mtaa kwa mtaa, akina mama na watoto wao.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Akauliza, "Si wameshajisalimisha hao?" Hakuna aliyemjibu.

Miaka imepita na swali la mzee bado linagawa watu. Tangu tamthilia ya mababu wa ukoo huohuo ianze Agosti 2022, vijana wanairudia ile ya kwanza, flash inatoka mkono huu inaingia mkono ule, na ugomvi unaanza upya kana kwamba mji umechomwa jana. Upande mmoja unasema dalili zilikuwepo, hamkutaka kuziona. Upande wa pili unasema waandishi wamemwonea dada wa watu. Nimekuwa upande wa pili kwa muda mrefu, na sehemu yangu bado ipo huko, lakini nianze na wale wa dalili, kwa sababu ushahidi wao ni mzito kuliko tunavyopenda kukiri.

Msimu wa kwanza alimfunga mganga Mirri Maz Duur juu ya kuni na kumchoma hai. Wa pili, akawafungia mtu na kijakazi ndani ya chumba cha hazina wafie humo. Wa nne, aliikuta njia ya kwenda mji wa Meereen imepangwa maiti za watoto watumwa 163 waliotundikwa, naye akatundika mabwana 163. Halafu akaja kijana, Hizdahr, kuomba mwili wa baba yake akauzike, akisema baba yake alikuwa amepinga watoto wale kuuawa. Hesabu ya 163 kwa 163 haikuwa imeuliza nani alifanya nini. Sasa tuambiane ukweli, nani kati yetu alimsikiliza yule kijana? Mimi nilikuwa nasubiri majoka. Msimu wa saba akawachoma mateka wawili, baba na mwanawe, kwa kukataa kupiga magoti, na bado tukasema walijitakia.

Tulishangilia kwa sababu tumelelewa hivyo. Sisi wa vibanda umiza tulijua kanuni ya muvi kabla ya kujua kusoma maandishi ya chini: steringi hafi, na steringi haonei. Anaweza kuua watu mia kwa bunduki moja isiyoisha risasi, lakini wote ni wa upande wa adui, na mtafsiri kwenye kipaza sauti alishakuonyesha mapema nani ni nani. Game of Thrones iliivunja nusu ya kwanza ya kanuni hiyo mapema sana, Ned Stark, steringi wa msimu wa kwanza, alipokatwa kichwa kabla msimu huo haujaisha. Tuliumia, tukazoea, tukaanza hata kujisifu kwamba tunaangalia kitu cha watu wazima. Nusu ya pili tuliiacha kimyakimya palepale ilipokuwa. Khaleesi akichoma, aliyechomwa ni adui. Ndiyo maana kengele zilipolia hatukuwa na pa kushika: moto ulikuwa uleule, ila waliokuwa chini yake walikuwa wauza mboga.

Kwa hiyo anayesema "Khaleesi hawezi kufanya vile" simuungi mkono tena. Anaweza. Alishafanya, kwa kiwango kidogo, na sisi tukimpigia makofi.

Lakini upande wa pili nao una hoja, na si ya kulialia. Kiswahili kina neno lake kamili: kazi ililipuliwa. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja. Wa saba ukawa na saba, wa nane sita, jumla 73. HBO yenyewe ilikuwa radhi kuendelea. Walioamua kufunga ni waandishi wakuu, David Benioff na D. B. Weiss. Mwanzoni mtu akisafiri kutoka kaskazini kwenda mji mkuu, safari ilikula wiki za mtazamaji, njiani anapigwa, anafanya urafiki, anabadilika. Mwishoni watu wanalala kaskazini wanaamka kusini, kama wamepanda SGR. Sasa chukua mzigo aliotwishwa Khaleesi msimu huo: Jorah, mlinzi wake wa miaka yote, anafia mikononi mwake; joka la pili linadunguliwa; Jon anayempenda anageuka kuwa mwenye haki zaidi ya kiti kuliko yeye; Missandei, rafiki yake wa pekee, anakatwa kichwa Khaleesi akitazama; mshauri wake, Varys, anamsaliti. Kutoka shingo ya Missandei hadi kengele ni kama saa moja tu ya kipindi. Msiba wa mtu mmoja hapa mtaani hukaliwa siku tatu, na bado watu huona haikutosha.

Kuna jambo jingine ambalo nililigundua nilipoirudia. Kengele zinapolia kamera inamsogelea Khaleesi usoni. Anahema, anatazama kasri lililojengwa na wazee wake, midomo inatetemeka. Joka linaruka. Kuanzia hapo, katika mauaji yote, uso wake hatuuoni tena. Tunashushwa chini, kwenye vumbi, tunakimbia na Arya, binti wa Ned Stark. Mwongozaji Miguel Sapochnik alijua anachofanya: vita kwa aliye chini haina uso, ni kivuli na joto. Kama picha ya vita, sijaona nyingi kwenye runinga zinazoizidi. Lakini kama picha ya mtu, wametunyang'anya kitu tulichokifuata kwa miaka minane, yaani yeye mwenyewe anaonaje anachofanya. Mtaa wa kwanza, sawa, hasira. Wa tano je? Wa ishirini? Alipomwona mtoto chini, alimwona?

Pengo hilo lilipoachwa wazi, watu walilijaza kwa neno lililokuwa karibu. Kichaa.

Na hapo ndipo mimi kama mtu wa Dodoma nachoka. Nchi nzima imelifanya jina la hospitali yetu kuwa utani. Mtu akivaa koti juani, "huyo wa Mirembe". Mwanasiasa akiropoka, "katoroka Mirembe". Khaleesi naye kachoma mji, mpelekeni Mirembe. Kwa haki, mtazamaji hakulitunga neno hili peke yake. Hadithi ilishalipanda: baba yake aliitwa Mfalme Mwendawazimu, aliwachoma watu akiwatazama, na tuliambiwa zaidi ya mara moja kwamba kwa ukoo ule kila mtoto akizaliwa miungu inarusha sarafu, upande mmoja ukuu, upande wa pili wazimu. Hoja hiyo imeingia masikioni mwetu kirahisi kwa sababu tunayo nyumbani. Posa ikiletwa, kabla ya kuzungumzia ng'ombe, wazee wanatuma mtu kuuliza chinichini: kwenye ukoo ule hakuna kichaa? Binti wa watu anaachwa kwa sababu ya shangazi aliyeugua kabla hajazaliwa.

Nilipolisema hili mbele ya jirani yetu mmoja, dada ambaye ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, alicheka kwanza, halafu akaweka simu mezani. "Kaka yangu, wagonjwa wengi nimewaona wanajiogopa wao wenyewe kuliko mnavyowaogopa ninyi. Mtu akiwa katili mnatuletea sisi. Hivi wakatili wazima hawapo?" Nikamwambia Khaleesi alikuwa hali chakula, kajifungia ndani, maana sehemu ile inaanza kwa Varys kupewa taarifa kwamba malkia hataki kula. Akasema hiyo ni huzuni, na huzuni haimfundishi mtu kulenga.

Tena neno hili halikugawiwa sawa. Stannis Baratheon, mmoja wa waliokuwa wakigombea kiti cha enzi, msimu wa tano alimchoma moto binti yake wa kumzaa ili apate ushindi vitani. Nakumbuka mijadala ya siku ile: katili, mroho wa madaraka, amelaaniwa. Kichaa sikulisikia. Mwanamume akichoma anaitwa mwenye tamaa, tunabaki tunajadili uamuzi wake. Mwanamke akichoma, tunapima damu yake. Wapo wanaosema kelele za namna hii ni za wanaharakati wanaotafuta jinsia hata kwenye majoka. Sawa, lakini wanijibu kuhusu Stannis kwanza.

Turudi Isanga. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaanza kwa kumchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kinachomwokoa mtu si ugonjwa peke yake, wala shangazi. Ugonjwa uwe umemfanya asielewe anachotenda, au asijue kwamba hapaswi kukitenda, au ashindwe kujizuia. Mpandishe Khaleesi kizimbani kwa vipimo hivyo. Kuelewa? Usiku wa kuamkia vita alishamwambia Jon kwamba huku hana upendo wa watu, ana hofu yao tu, basi iwe hofu. Kujua kwamba hapaswi? Tyrion, mshauri wake mwingine, alimsihi, akamweleza maana ya kengele kabla hazijalia. Kujizuia ndipo wakili wake angesimama, na angekuwa na la kusema, ule mtetemo wa midomo. Lakini sehemu inayofuata, ya mwisho, anasimama mbele ya majivu, anahutubia jeshi kwa lugha mbili, anaahidi kukomboa na miji mingine kwa namna hiyohiyo, kisha anamwambia Jon kwamba wengine hawana haki ya kuchagua lililo jema. Mtu huyo hajapotea. Ana mpango, ana lugha, ana hoja, na hoja ni ileile tuliyoipigia makofi kule kwa watumwa, imekua tu ikapoteza mpaka.

Kwangu mimi geti lake ni la gereza. Nasema hivyo nikiwa bado namhurumia, na nikiwa bado nawalaumu waandishi. Walikuwa na hadithi ya mtu mwema anayeamua jambo baya akiwa na akili zake zote, hadithi ngumu kweli, inayohitaji muda, na badala ya kuununua muda huo wakaegemea damu ya ukoo ili tuelewe haraka.

Hasira za watazamaji nazo zilipita kiasi, hilo niliseme kwa kifupi. Ombi la mtandaoni la kutaka msimu wote urudiwe na waandishi wengine lilipita saini milioni 1.5, kana kwamba tamthilia ni suruali unayomrudishia fundi. Septemba mwaka huohuo msimu uliotukanwa ukachukua tuzo 12 za Emmy, ikiwemo ya tamthilia bora. Hakuna upande uliobadilisha mawazo kwa sababu ya saini wala kwa sababu ya tuzo.

Kijana wa chuo alishuka kabla hatujamaliza, akisisitiza "kichaa, kichaa tu" hadi mguu wake wa pili ukagusa chini. Mimi nikamwongezea dereva jero ya kunirudisha sokoni. Nikamuuliza kama hajawahi kufikiria kulifuta lile jina. Aliwahi, akasema. Mwaka ule ule wa 2019 alikwenda kwa fundi rangi, akiwa na hasira bado. Fundi akamwambia joka limeshaingia kwenye bodi. Ukitaka litoke, bajaji nzima inabidi ipigwe upya.