Suruali Iliyouzwa Mara Mbili

Mzungu akipita kijijini na shanta kubwa mgongoni, jasho likimtiririka na viatu vimejaa vumbi, watu hujua mara moja kwamba ni mtalii, na watoto humkimbilia kumsalimia. Mwafrika akipita njia hiyohiyo na shanta ya namna hiyohiyo, watu humwita kivulini, humpa kigoda, kisha humuuliza anauza nini. Jambo hili halikuwamo katika maelezo yoyote ya safari za gharama nafuu niliyoyasoma kabla ya kuondoka Mbeya, na nadhani ni kwa sababu walioyaandika hawajawahi kuulizwa bei ya sumu ya panya.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, mzaliwa wa Iringa ninayefundisha Mbeya, na kwa miaka mingi nimewachorea wanafunzi Ziwa Nyasa ubaoni bila kuwahi kukanyaga ng'ambo yake. Likizo ya Juni ilipokaribia nikaamua kulizunguka kwa fedha kidogo iwezekanavyo: kuingia Malawi kwa mpaka wa Kasumulu, kupanda meli hadi kisiwa cha Likoma, kuvuka kuingia Msumbiji katika mkoa wa Niassa, ambako hata watalii wa Kizungu ni wa kutafuta, na hatimaye kurejea nyumbani kupitia Mbamba Bay na Songea. Mke wangu aliridhia kwa sharti kwamba nifuatane na mdogo wake, ambaye ana meza ya mitumba katika soko la Mwanjelwa na anasifika katika ukoo wao kwa kutowahi kupotea wala kuibiwa. Sifa hiyo ni ya kweli hadi leo. Shemeji hakupotea, wala hakuna aliyemwibia chochote.

Usiku wa kuamkia safari, mke wangu alinishonea mfuko wa siri ndani ya kiuno cha suruali yangu ya khaki, akaingiza humo pasipoti yangu, na kunitaka nisimwambie mtu yeyote, kwa maana mfuko wa siri ukishajulikana na watu watatu unakuwa mfuko wa kawaida. Nilitii. Suruali yenyewe nilikuwa nimeinunua mwaka uliotangulia kwa Shemeji huyohuyo, kwa bei aliyoiita ya undugu.

Pale Kasumulu, afisa aliyetuhudumia alitazama mashanta yetu kwa muda mrefu.

"Mzigo gani huo?"

"Nguo zetu, afande."

"Za kuuza?"

"Za kuvaa. Tunakwenda kutembea."

"Kutembea kwa nani?"

Nilimweleza kwamba hatuendi kwa mtu, bali tunakwenda kuona nchi. Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili na kumweleza kwamba hapa kuna mwalimu mtu mzima anayeondoka kwake kwenda kwenye nchi ya watu, hana msiba, hana harusi, hana mzigo wa kuuza, na kwamba huenda mkewe hana habari. Nilijibu kwamba mke wangu anajua na ndiye aliyenipa msindikizaji. Hapo afisa alimtazama Shemeji kwa huruma, akagonga mihuri, na sisi tukavuka daraja la mto Songwe.

Karonga ilitupokea vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa Wangonde na Wanyakyusa ni watu wa asili moja na lugha zao zinasikilizana, hivyo Shemeji alipofungua kinywa tu tukapata mahali pa kulala, nsima ya moto na usipa wa kukaanga bila kulipa chochote. Mimi, Mhehe, nilibaki kutabasamu pembeni. Asubuhi mama mwenye nyumba aliona sweta langu zito likiwa limetundikwa kwenye kamba, akaligusa na kuuliza bei. Nilijibu kwa adabu kwamba haliuzwi. Shemeji akaniomba pembeni.

"Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha mambo ya mwinuko. Mbeya iko juu kiasi gani?"

"Kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari."

"Na ziwa hili?"

"Kama 475."

"Sasa sweta la mita 1,700 unalibeba la nini hapa chini?"

Sikuwa na jibu la kitaaluma, na sweta likauzwa kwa bei ambayo ilitulipia nauli ya matola hadi Chilumba. Matola ni magari madogo ya wazi ambayo hubeba watu, magunia na mbuzi kwa usawa usio na upendeleo. Nauli hiyo iliyopatikana kwa wepesi ndiyo iliyoamsha ndani ya Shemeji kitu ambacho likizo ilikuwa imekilaza. Tangu hapo kila tulipokaribishwa kivulini na kuulizwa tunauza nini, mimi nilisema "hatuuzi" na yeye akasema "inategemea", naye ndiye aliyesikilizwa. Zilikwenda soksi, tochi yangu ya akiba, na mwavuli ambao hadi leo nina hakika kwamba haukuwa wetu.

Pale Chilumba tulipanda Ilala, meli iliyoanza kulihudumia ziwa hili mwaka 1951, tukalipa daraja la chini kabisa na kujipenyeza kati ya magunia ya mahindi na matenga ya kuku. Kuhusu safari hiyo nitasema tu kwamba kuku hawalali. Likoma hatukukuta gati. Meli ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, nasi tukateremshwa gizani kwenye mashua ndogo iliyokuwa imekwisha kujaa kabla yetu. Maji yalikuwa vidole vichache tu chini ya ukingo. Shemeji, ambaye hajui kuogelea, aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu aliyewahi kuzama ziwa hili, na kwa kuwa nimezoea kujibu maswali, nilimweleza habari za Askofu Chauncy Maples, aliyehudumu Masasi kabla ya kuja huku na ambaye alizama mwaka 1895 akiwa njiani kuelekea kisiwa hikihiki kwa mashua. Hakunisemesha tena hadi asubuhi.

Likoma ni kisiwa kidogo chenye mibuyu mingi na njia za mchanga, kilichoko jirani kabisa na pwani ya Msumbiji lakini kikiwa mali ya Malawi, kwa sababu wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walikifanya makao yao tangu miaka ya 1880, na mipaka ilipochorwa kikafuata bendera yao. Siku iliyofuata, Jumamosi, nilifua suruali yangu ya pili pamoja na mashati, nikayatandaza juu ya jabali kubwa lililo kando ya maji, nikaikunja ile ya khaki vizuri na kuiweka kivulini, kisha nikaingia ziwani kuoga nikiwa na bukta peke yake. Shemeji alibaki kulinda.

Maji yalikuwa safi mno na nikakawia. Nilipogeuka kutazama ufukoni niliona watu wamelizunguka jabali letu, na katikati yao Shemeji amesimama juu ya jiwe, mkono mmoja ameinua shati langu la bluu na kulizungushazungusha ili kila mtu alione mbele na nyuma. Nilipiga kelele. Alinipungia mkono kwa furaha. Nilipofika nchi kavu nikitweta, umati ulikuwa umetawanyika na jabali lilikuwa tupu.

"Shemeji, nguo zangu ziko wapi?"

"Zimetoka zote!" akasema, akinionyesha noti za kwacha. "Watu wa hapa wana macho, Mwalimu. Hata ile suruali mbichi imekwenda, nimeipunguza bei kwa ajili ya maji."

"Na ile ya khaki?"

"Hiyo ndiyo iliyogombewa zaidi. Nilikuuzia kwa hasara mwaka jana, leo nimerudisha hasara yangu na faida yako juu."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Nilimweleza habari za mfuko wa siri na kilichokuwa ndani yake, naye akanyamaza, akahesabu noti upya bila sababu, kisha akasema kwamba mteja alikuwa mtu mfupi mwenye haraka, na kwamba dada yake alipaswa kumwambia.

Suruali za Shemeji zilinifika kwenye ugoko na hazikufunga kiunoni. Kilichobaki ni kitenge alichopewa na mama mmoja kama nyongeza katika biashara ya shati. Nilijifunga hicho, tukaanza kupita nyumba hadi nyumba tukiulizia mtu mfupi mwenye haraka, maelezo ambayo yaliwafaa wavuvi wengi wa kisiwa kile. Giza lilipoingia Shemeji alinituliza kwa elimu ya Mwanjelwa.

"Mtu akinunua suruali Jumamosi, Jumapili anaivaa kanisani. Haijawahi kuwa vinginevyo. Kesho tutaketi, tutatazama miguu."

Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro lilianza kujengwa mwaka 1903, nalo lina urefu wa kama mita 100, jambo ambalo kama mwalimu wa Jiografia nililistaajabia nilipoingia, na ambalo baadaye nililipima kwa hatua zangu mwenyewe. Niliingia kwa kujibanza nyuma, lakini mama mmoja alinitazama kiunoni, akatazama tena, akanishika mkono na kunikalisha katikati ya safu za akina mama. Hapo ndipo nilipoona kwamba wote waliokuwa safu zile walikuwa wamevaa kitenge cha aina moja, rangi moja na nembo moja, na kwamba mimi pia nilikuwa nimekivaa. Kilikuwa sare ya umoja wa akina mama wa kanisa. Shemeji alikuwa ng'ambo ya pili kwa wanaume, akikwepa macho yangu.

Ibada ilikuwa ya Kinyanja, lakini Waanglikana wa misheni ile wanapenda ubani na maandamano kiasi kwamba mimi, Mkatoliki niliyelelewa jirani na Tosamaganga, nilijua wakati wa kusimama na wa kupiga magoti bila kuambiwa. Nilitazama miguu. Nilitazama miguu wakati wa masomo, wakati wa mahubiri na wakati wa sadaka, nikainama hata pale ambapo hakuna aliyeinama, hata mama wa pembeni yangu akanipigapiga mgongoni akidhani nimezidiwa na toba. Niliona khaki nne, na hakuna iliyokuwa yangu. Mbeba msalaba, mzee mfupi mwenye hatua za harakaharaka, alinipita mara mbili akiwa na kanzu ndefu iliyofunika hadi viatu.

Yakafika matangazo. Padri alisoma karatasi moja baada ya nyingine, kisha akainua kijitabu ambacho ningekitambua popote. Nilisikia "pasipoti", nikasikia "Tanzania", halafu likasikika jina langu na la baba yangu, na baada yake maneno marefu ambayo yaliliinua kanisa zima kwa kicheko. Mama wa pembeni, ambaye alikuwa amewahi kufanya biashara ya dagaa Mbamba Bay, aliniambia kwa Kiswahili kwamba fundi cherehani ameikuta katika suruali aliyopelekewa kukata, na kwamba mwenyewe, kama bado yuko kisiwani na ana cha kuvaa, aende mbele.

Nilisimama. Kicheko kilikatika, kikarudi kwa nguvu mpya pale watu walipoona mwenye pasipoti ametokea upande upi na amevaa nini. Mita 100 ni nyingi, wapenzi wasomaji. Mtu aliyefungwa kitenge hawezi kuzitembea kwa kasi bila hatari, na hawezi kuzitembea polepole bila kuonekana anajivuna. Padri alilinganisha picha na uso wangu, akateremsha macho hadi kwenye nembo ya akina mama, akauma mdomo, na kunikabidhi pasipoti kwa mikono miwili.

Nje ya mlango, baada ya ibada, mbeba msalaba alikuja mwenyewe na kupandisha kanzu yake hadi magotini. Suruali yangu ilikuwa imemkaa vizuri sana. Fundi alikuwa ameikata karibu robo ya urefu na kuipiga pindo safi, na mzee alieleza kwa utulivu kupitia mkalimani wangu wa dagaa kwamba pasipoti hakuinunua na ndiyo maana ameirudisha, ila suruali ameilipia. Shemeji alitikisa kichwa kukubali. Alisema hata Mwanjelwa, ikishapita kwa fundi, hairudi.

Akina mama hawakuwa na nia ya kuniacha nivuke kwenda Msumbiji na sare yao. Walishauriana, wakaingia katika chumba cha nyuma ambamo huhifadhiwa nguo za msaada, wakatoka na suruali ya kijivu ya mtu ambaye bila shaka alikuwa mnene na tajiri, pamoja na kipande cha kamba ya katani cha kuifungia. Niliivaa nyuma ya mbuyu, nikakikunja kitenge na kukirudisha kwa shukrani.

Tulikuwa tunashuka kuelekea mashua za Cobuè, upande wa Msumbiji, nilipohisi kitu kikinivuta pembeni mwa paja. Shemeji alikuwa ameushika mguu wa suruali kwa vidole viwili, akiusugua taratibu huku ametazama mbali.

"Mwalimu," alisema, "hii ni gredi ya kwanza kabisa. Nakuomba usiizoee."