Mkaguzi yuko Mbale, mshauri yuko Kampala

Kila mwisho wa mwaka, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Uganda anapopeleka ripoti yake bungeni, lawama huwaangukia wale wale: wilaya. Fedha zimerudi Hazina bila kutumika, darasa limefika kwenye lenta likaachwa, nafasi ya mhandisi iko wazi mwaka hadi mwaka. Redioni na kwenye makundi ya WhatsApp hukumu huwa moja, kwamba wilaya zimejaa wezi na wavivu, na dawa ni Kampala kukaza kamba. Wezi wapo, sibishi. Lakini ukizisoma ripoti hizo bila hasira utaona makosa mengi ambayo hayamnufaishi mtu yeyote: zabuni iliyochelewa kutangazwa, fedha zilizowekwa kwenye kifungu kisicho chake, mpango wa ununuzi uliokosa kiambatisho. Mwizi hafaidiki na fedha zinazorudishwa Hazina tarehe 30 Juni. Hayo ni makosa ya mtu aliyepewa kazi juzi na hana wa kumuuliza, na dawa yake naiona kwenye ofisi ndogo za ushauri mikoani.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 iliona jambo hilo mapema. Iliziagiza wizara za serikali kuu zikague na kufuatilia, na panapohitajika zitoe ushauri wa kitaalamu na mafunzo. Sehemu ya kwanza ya agizo hilo imepata ofisi, magari na bajeti. Sehemu ya pili imepata warsha.

Tatizo liko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kitoto. Mwaka ule wa 1997 wilaya zilifika 45. Leo ni 135, mbali na Kampala iliyo chini ya mamlaka yake ya jiji, KCCA, tangu 2011. Ongeza majiji 10 yaliyoanzishwa 2020 na manispaa 31, unapata 176. Hizo zote zinatazama wizara moja, ya Serikali za Mitaa, yenye makao Kampala. Wizara ikiamua kutembelea serikali moja ya mtaa kila wiki, bila kukosa hata wiki ya Krismasi, itarudi ilipoanzia baada ya miaka mitatu na zaidi. Katika miaka mitatu CAO, yaani mtendaji mkuu wa wilaya, huenda ameshahamishwa, mwongozo wa ruzuku umebadilishwa, na baraza linakaribia uchaguzi. Ikitaka kufika kila mahali mara moja kwa robo mwaka, itabidi timu zake zikague 13 au 14 kwa wiki. Na ziara yenyewe tunaijua ilivyo. Gari linaingia saa tano, daftari la wageni linasainiwa, kikao kinafanyika, jioni safari ya kurudi. Hapo hakuna aliyefundishwa kuandaa hati za zabuni.

Tazama Karamoja. Ugatuzi ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, eneo lote lilikuwa na wilaya mbili, Moroto na Kotido. Sasa zipo tisa, Karenga ikiwa changa kuliko zote. Kila moja inahitaji mhandisi, mhasibu, ofisa ununuzi, ofisa mipango. Bunge linaweza kuunda wilaya kwa azimio la siku moja. Wahandisi hawaundwi hivyo. Anayekaimu nafasi hiyo Kaabong yuko zaidi ya kilomita 500 kutoka kwenye dawati la mtu anayepaswa kumshauri.

Mzigo wenyewe umeongezeka. Kodi ya kichwa ilifutwa 2005, na tangu hapo zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za fedha za wilaya ni ruzuku kutoka serikali kuu, nyingi zikiwa na masharti. Ruzuku ya shule ina mwongozo wake, ya afya wake, ya maji wake, ya barabara wake, na kila wizara hutoa wake kwa wakati wake. Mwaka 2022 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Muluka, uliozinduliwa Kibuku, wa shilingi milioni 100 kwa kila muluka, yaani eneo la vijiji kadhaa, kwa mwaka, na miluka ni zaidi ya 10,000. Ofisa wa muluka aliyeajiriwa kwa ajili hiyo humtegemea mkuu wa gombolola, ngazi iliyo juu ya muluka, naye humtegemea CAO. CAO huinua simu na kupiga Kampala, ikipokelewa.

Jambo ambalo wanaodai Kampala ikaze kamba hawalitaji ni hili: Mkaguzi Mkuu ana ofisi mikoani, Mbale, Gulu, Arua, Mbarara na kwingineko. Inspekta Jenerali wa Serikali, mchunguzi wa ufisadi, naye anazo. Kila wilaya ina RDC, mwakilishi wa rais, ambaye kazi yake mojawapo ni kufuatilia miradi. Tumewapa watahini nyumba karibu na shule, mwalimu tumemwacha mjini.

Isidhaniwe kwamba nchi hii haijawahi kufanya tofauti. Mapema miaka ya 2000, wilaya zilipokabidhiwa miradi ya maji vijijini, wizara ya maji iliona kwamba ofisi za maji za wilaya haziwezi kusimama peke yake. Iliweka vitengo vinane vya msaada wa kitaalamu mikoani, wenyewe wakiviita TSU. Mhandisi wa kitengo alikuwa na kundi la wilaya anazozijua, akikaa na ofisa wa maji kwenye mpango na taarifa za robo mwaka. Kazi yao ilikuwa ushauri na mafunzo. Majirani zetu Tanzania wamelifanya hilo kwa utawala mzima: Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, mwaka ule ule wa sheria yetu, iliigeuza ofisi ya mkoa kuwa sekretarieti ya kuzishauri halmashauri. Malalamiko hayajakosekana huko, lakini ofisa wa halmashauri ya Tarime akikwama huenda Musoma, haendi Dodoma.

Wanaopinga ngazi ya mkoa wana sababu, na sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Amin aliigawa nchi katika majimbo 10 yenye magavana, na wazee hawajasahau magavana hao walikuwa watu wa namna gani. Ya pili ni siasa za federo, yaani madai ya serikali ya shirikisho. Marekebisho ya katiba ya 2005 yaliweka serikali za kanda, Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, ikazikataa kwa kuwa hazikuwa federo iliyoiomba, na tangu hapo ukitaja kanda mtu anauliza unamtumikia nani. Ya tatu ni gharama. Serikali imekuwa ikiunganisha mashirika ili kubana matumizi, nasi tunataka ofisi mpya?

Wizara nayo ina utetezi wake. Tangu 2005 CAO anateuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma, si wilaya, na wengi husema ugatuzi ulikufa siku hiyo. Mimi sijafika huko. Kabla ya hapo CAO aliyekataa kumpa mwenyekiti wa LC5, baraza la wilaya, zabuni alikuwa akifungasha virago, na kumwondolea hofu hiyo ni msaada wa kweli. Pia, baada ya tathmini ya kila mwaka ya Ofisi ya Waziri Mkuu, wilaya zilizofanya vibaya hupelekewa timu za kuzisaidia. Timu hizo ni nzuri. Ila wilaya lazima ifeli kwanza ndipo izipate, na zikiondoka zimeondoka.

Kuhusu gharama, mafuta, posho na hoteli za safari za kutoka Kampala nazo ni fedha, zimetawanyika tu kwenye bajeti za wizara nyingi kiasi kwamba hakuna anayezijumlisha. Ofisi nane au kumi za watu sita au saba, wakitolewa kwenye wizara zilizopo, haziundi jimbo wala hazimpi mtu ugavana. Hofu ninayoiona nzito ni nyingine kabisa. Ofisi ya namna hii ikipewa mamlaka ya kuidhinisha bajeti ya wilaya au kusaini malipo, baada ya mwaka mmoja itakuwa kizuizi kingine barabarani, na kila faili litasimama hapo likisubiri kusukumwa. Ikiwa pia inapaswa kumpelekea Inspekta Jenerali taarifa za kila kosa dogo inaloonyeshwa, mhasibu wa Kaabong hataionyesha kitu. Kwa hiyo sheria ikiandikwa, ianze kwa kutaja mamlaka ambayo ofisi hiyo haitakuwa nayo, na muhuri wa kuidhinisha uwe wa kwanza.