Sintesaiza ya zamani ikizingua, pima kabla hujang'oa kapasita

Ukitaja tu kwamba sintesaiza yako ya zamani, kile kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti zake chenyewe, imeanza kuzingua, iwe noti moja haitoki, au inanguruma, au inapoteza tyuni ikishapata moto, jibu la kwanza utakalopewa ni badilisha kapasita zote, vile vidude vya kwenye bodi vinavyohifadhi chaji ya umeme, halafu ndio tuongee. Hapa Kampala utalisikia kwa mafundi wa redio na utalisikia kwa wapiga kinanda wa bendi na wa makanisani, limeshakuwa kama sheria, na ukisema ngoja kwanza nipime unaonekana muoga ama bahili. Mimi naona hawa wa kupima kwanza hawajaeleweka.

Wale wa kubadilisha zote nao wana hoja. Kapasita ya elektroliti ina majimaji ya kemikali ndani, yanakauka, na watengenezaji wengi wenyewe hawaahidi zaidi ya kama miaka 15 kwa sababu ule mpira unaoziba chini unazeeka hata usipoiwasha, sasa Juno-106, sintesaiza ya Roland ya mwaka 1984, imeshapita miaka 40. Bei yake ni ndogo, mashine ukishaifungua ushaifungua, na iliyolala stoo miaka mingi inaweza kuwa na hali mbaya kuliko inayopigwa kila Jumapili. Sibishani na hayo.

Ninachobishana nacho ni ile namba wanayotishia watu nayo. Kapasita nyingi zimeandikwa nyuzi joto 85 za Selsiasi, na maisha yake masaa 2,000. Mtu anapiga hesabu, masaa mawili kwa siku, haifiki hata miaka mitatu, anashtuka anatafuta solda. Lakini hayo masaa 2,000 ni ya joto la nyuzi 85 muda wote, na kanuni wanayoitumia mainjinia ni kwamba joto likishuka nyuzi 10 umri unakuwa karibu mara mbili. Chukua kapasita iliyo katikati ya bodi kwenye nyuzi 45, tumeshuka nyuzi 40, kwa hiyo ni mara 16, masaa 32,000, na kwa masaa mawili kwa siku hiyo inapita miaka 40. Sasa chukua mwenzake aliyebanwa pembeni ya regyuleta, kile kinachotuliza volti, kwenye powasaplai, pale panachoma, tuseme nyuzi 65, huyo anapata mara nne tu, masaa 8,000, ni kama miaka 11. Mashine ni ile ile na umri ni ule ule, moja imekufa zamani na nyingine bado inadunda, na kwa macho huwezi kujua ni ipi. Ndio maana napima, na hata huo mpira wa miaka 15 haubadilishi hilo, kwa sababu zote haziharibiki siku moja.

Na kupima kwenyewe si jambo la wiki nzima. Kwenye Juno unaanza na zile volti tatu za ndani, 15 chanya, 15 hasi na 5, multimita ya kawaida inatosha. Ikinguruma, sikiliza mngurumo wenyewe, umeme wetu ni 50 Hz kwa hiyo kapasita kubwa ya powasaplai ikichoka mara nyingi unasikia 100 Hz, ila ukisikia 50 yenyewe anza kushuku graundi au dayodi. Noti ikikatika, bonyeza kitufe cha Key Transpose huku unawasha, mashine inaingia kwenye majaribio na kila sauti kati ya zile sita inazoweza kupiga kwa pamoja inalia peke yake, namba yake iko kwenye skrini. Ikifa moja, au inakwaruza, mara nyingi ni chipu ya 80017A inayochuja sauti hiyo na kuipandisha au kuishusha, ule utomvu mweusi walioifunika nao ukizeeka unaanza kupitisha umeme, na watu wanauondoa kwa kuiloweka kwenye asetoni. Zikifa mbili za jirani kwa pamoja, tazama MC5534A, chipu inayotengeneza mawimbi ya sauti, kwa sababu moja inahudumia sauti mbili. Hapo hata ubadilishe kapasita za nyumba nzima hutapona.

Halafu kuna mambo ya kwetu. Mashine iliyouzwa Japani transfoma yake ni ya volti 100, sisi plagi inatoa 240, na stepdauni nyingi za madukani, zile transfoma za kushusha umeme, zinatoa 110, kwa hiyo inawaka na inapiga lakini regyuleta zinachemka kuliko zilivyopangiwa. Ukiweka kapasita mpya bila kugusa hilo unazipika tu. Umeme nao ukikatika unarudi kwa kishindo, na fundi ambaye hajui mashine iliishije atalaumu uzee. Tena kung'oa kapasita zote kwa solda ya bei rahisi isiyo na kipimo cha joto, kwenye bodi laini za miaka ile, njia za shaba zinabanduka, na hapo fundi ameongeza ugonjwa ambao haukuwepo. Kapasita feki pia zipo sokoni. Mbaya kuliko zote ni yule anayebadilisha hadi kapasita ndogo za plastiki zinazoshika tyuni, hizo hazikauki, ukizigusa umejitafutia kazi ya kutyuni upya kila kitu.

Kwa hiyo mimi ningebadilisha zile za powasaplai zikionyesha dalili, nyingine ningeziacha mpaka multimita iseme.

Kitu ambacho ningekitoa bila kupima chochote ni betri ya kumbukumbu. Korg Polysix ya 1981 ina betri ya nikeli-kadmiamu iliyolehemiwa kwenye bodi ya KLM-367, ikivuja maji yake yanakula njia za shaba chini yake, na mashine inaanza kujichanganya kwa namna ambayo hakuna kapasita itakayoitibu. Hiyo itoeni leo, hata kama sintesaiza yenu inapiga vizuri kabisa.