Sasisho la Sintesaiza Lisiguse Wimbo wa Jana

Nilifungua wimbo niliokuwa nimeuacha kiporo kwa muda mrefu, nikakuta besi yake, iliyokuwa nzito na ya chinichini, sasa inakwaruza. Noti zilikuwa zilezile na mpangilio haukuguswa na mtu. Kilichobadilika ni sintesaiza huria (programu ya kuunda sauti, yenye msimbo ulio wazi kwa wote) niliyoitumia kuiunda, ambayo nilikuwa nimeisasisha bila kufikiri mara mbili.

Chanzo chake ni kidogo mno. Programu-jalizi nyingi, yaani programu kama sintesaiza hiyo zinazopachikwa ndani ya programu ya kutengenezea muziki, huhifadhi mahali kirekebishi (kitufe cha kuzungusha au kusogeza) kiliposimama kwa namba kati ya 0 na 1, wala si kwa masafa yenyewe. Tuseme kichujio, kinachokata masafa ya juu ya sauti, kinaanzia Hz 20 na kuishia Hz 16,000 kwa mizani ya logi, ambayo kila hatua huzidisha masafa badala ya kuyajumlisha, nawe ukakiacha kwenye 0.5, kitakata karibu na Hz 566. Mtengenezaji, kwa nia njema kabisa, akiupandisha ukomo hadi Hz 20,000, 0.5 ileile itakata karibu na Hz 632, na hakuna ujumbe wowote utakaokuarifu. Hali huwa mbaya zaidi pale programu inapokitambua kirekebishi kwa nafasi yake kwenye orodha, kwa sababu kipya kikipachikwa katikati, otomesheni, yaani mwendo wa kirekebishi uliohifadhiwa ndani ya wimbo, iliyokuwa ikifungua kichujio huanza kusukuma mwangwi.

Ndiyo maana, kabla ya kuvutiwa na mwonekano mpya au mawimbi mapya, mimi huuliza kwanza kama sauti za zamani zitabaki zilivyo. Surge, sintesaiza ambayo msimbo wake ulifunguliwa mwaka 2018 kwa leseni huria ya GPL 3, ni mfano ninaoupenda: kila sauti iliyohifadhiwa hubeba namba ya toleo la muundo wake, na programu inapoipakia huisoma namba hiyo, kisha hujaza au kurekebisha kilichoongezwa baadaye. Surge XT, toleo lake jipya, ilipotoka mwaka 2022, iliweza kukaa kwenye kompyuta moja na Surge ya awali, kila moja ikihudumia nyimbo zake. Kazi ya namna hii haionekani kwenye picha za matangazo, na nadhani ndiyo sababu husifiwa na wachache.

Wapo wanaosema kwamba kuilinda sauti ya zamani ni kuifunga programu minyororo, na kwamba kosa la hesabu halina budi kusahihishwa. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa watu wanaojitolea, ambao kila mstari wa msimbo mkuukuu ni mzigo wao. Hata hivyo, mtu akishatunga wimbo juu ya kosa, kosa hilo limekuwa ala. Kichujio kilichosahihishwa kiwekwe kwenye menyu kando ya kile cha zamani, na pale isipowezekana, maelezo ya toleo yataje waziwazi ni sauti zipi zitabadilika, badala ya kuishia kwenye “maboresho mbalimbali” yasiyomsaidia yeyote.

Kwangu, uhuria wa programu ndio ulioniokoa. Nilirudi kwenye historia ya msimbo, nikajenga toleo la awali, nikaigeuza besi kuwa faili la sauti. Sasa siuweki wimbo kando kabla ya kufanya hivyo kwa kila sintesaiza iliyomo.