Uso wa Colston kwenye bamba la shaba

Mfanyabiashara Edward Colston alifariki mwaka 1721 huko Mortlake, kandokando ya mto Thames. Mwaka uliofuata mchongaji George Vertue akawa amekwisha kuichonga sura yake kwenye bamba la shaba, akiifuata picha ya rangi ya mchoraji Jonathan Richardson. Wengi wetu tulimjua Colston siku ile ya 7 Juni 2020, waandamanaji wa Bristol, mji wa bandari wa Uingereza, walipoiangusha sanamu yake kwa sababu ya biashara ya watumwa na kuitumbukiza bandarini. Kwa maoni yangu, iliyostahili kuchunguzwa zaidi ni ile picha ya karatasi iliyochapwa kwa bamba la Vertue.

Sanamu ilisimamishwa mwaka 1895, miaka 174 baada ya mwenyewe kuzikwa. Kufikia hapo kazi ya kumsafisha jina ilikuwa imeshafanywa kitambo, na karatasi ilichangia. Picha ya rangi ni moja, inaning'inia ukutani kwa wakubwa. Bamba la shaba linatoa nakala kwa mamia: mistari inachimbwa kwa kichuma chenye ncha kali, wino unajazwa humo, uso wa bamba unafutwa, kisha karatasi yenye unyevu inakandamizwa juu yake kwa mashine. Nakala zikishatoka, nani atazikusanya?

Na Vertue alikuwa fundi, hilo simnyimi. Mistari ikibanana panakuwa kivuli, ikiachana panakuwa mwanga, na kwa mistari mitupu anakupa wigi refu la mawimbi na uso wa mzee aliyetulia. Ukimtazama unamwona mtu wa sadaka. Sadaka alitoa kweli: nyumba za wazee pale St Michael's Hill, shule ya wavulana 100 iliyofunguliwa mwaka 1710, na mashamba yaliyowekwa wakfu ili kodi zake ziiendeshe. (Watoto wa Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Uingereza hawakutakiwa humo. Ukarimu wake ulikuwa na mipaka hata kwa Waingereza wenzake.)

Fedha je? Colston alifanya biashara ya mvinyo, matunda na nguo na Hispania na Ureno, lakini mwaka 1680 alijiunga na Royal African Company, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya watumwa, na mwaka 1689 akawa naibu gavana wake. Inakadiriwa kwamba katika miaka aliyokuwamo, kampuni hiyo ilisafirisha Waafrika wapatao 84,000, na kama 19,000 kati yao walifia baharini. Mateka walipigwa chapa kwa chuma cha moto kifuani. Yeye alipigwa chapa kwa wino, kwa heshima zote, jina likiwa chini ya picha. Wao hawakuachiwa hata majina.

Kuna wanaotaka picha kama hizi zifungiwe stoo. Siwaungi mkono, ukiificha unamfanyia Colston hisani nyingine. Ninachokataa ni kibandiko cha makumbusho kinachosema "mfanyabiashara na mfadhili" halafu kikanyamaza. Vitabu vya hesabu vya kampuni ile vipo hadi leo katika nyaraka za taifa la Uingereza, pale Kew. Panapowekwa karatasi ya Vertue, pawekwe pia ukurasa mmoja wa vitabu hivyo, kwa ukubwa uleule na kwenye mwanga uleule. Asiyetaka kuusoma apite, lakini auone.