Niliambiwa niombe msamaha, nikaomba

Jamani, najua habari aliyoisambaza mteja wangu Mama Abdul imeshafika kwenye magrupu yenu, vicheko nimeviona. Sasa pokeeni ya mhusika mwenyewe. Mbuzi yumo, sikatai. Ila kulia sikulia, hilo kaongeza yeye.

Ni ule mkopo wa PPP, wa serikali ya Marekani wa kulinda mishahara kwenye biashara zilizobanwa na korona. Mimi msusi wa hapa Columbus nilipata dola 5,000, Februari 2021. Faida yangu ya 2019 kwenye Skedyuli C, fomu ya kodi ya sisi tuliojiajiri, ilikuwa 24,000; gawa kwa miezi 12, zidisha kwa 2.5, ndiyo hiyo. Baadaye benki ikaniandikia: muda umefika, omba msamaha.

Mtoto wa Tanga niliyelelewa nikaleleka, naambiwa niombe msamaha! Nikaandika barua. Kurasa mbili.

Fomu yenyewe ya kuomba deni lifutwe, 3508S, ya mikopo isiyozidi 150,000, haikutaka hata risiti. Unajaza, unasaini, risiti unazitunza kwako wakizitaka. Mimi nikaona watu hawa mbona wakavu hivi, nikaitia barua yangu kwenye viambatisho.

Alhamisi simu ikaita. Mikono yangu mafuta matupu, kichwa cha Mama Abdul nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima. Nikabonyeza spika kwa kiwiko. Kijana wa benki, sauti ya chini kama analeta taarifa ya msiba: "Mama, nina barua yako hapa. Naomba niisome kidogo, nihakikishe nimeelewa."

Soma, mwanangu.

"Mheshimiwa Benki." Akanyamaza. "Naanguka miguuni pako." Kichwa cha Mama Abdul kikaanza kutikisika mikononi mwangu. "Nimekosa, tena kwa kujua." Akakohoa. "Katika fedha zile nilichomoa dola 180, nikatuma nyumbani za mbuzi wa harusi ya mdogo wangu."

Kimya. Nasikia feni yangu tu.

"Mama... huyu mbuzi ni mfanyakazi wako?"

Mama Abdul akateleza kitini hadi sakafuni, na kitana changu kimenasa kichwani mwake.

Mate yalinikauka, nikajiona nimeshafungwa. Kumbe wapi! Ukiwa peke yako huna mwajiriwa, pesa ile inahesabika ni fidia ya kipato chako. Ukishajilipa, ununue mbuzi, ununue ngamia, shauri yako. Kosa langu lilikuwa kwingine kabisa: kwenye kipindi cha matumizi nilijaza wiki 8, nikidhani fupi ndiyo ya haraka. Kwa wiki 8 walikuwa wanakufutia 8/52 tu ya faida ya mwaka. Kwangu ni dola 3,692, na zile 1,308 zingebaki deni la riba ya asilimia 1. Wiki 24 zilibeba faida ya miezi yote 2.5 ya mkopo, zinafutwa 5,000 nzima. (Wenzangu mliojaza 8, nawaona mnavyojikuna. Na nyie wa EIDL, ule mkopo mwingine wa korona, msijisumbue na barua: ule ni wa kulipa, miaka 30, asilimia 3.75.)

Basi nikabadilisha, nikasaini upya, nikaomba barua ifutwe. Kijana akasema samahani Mama, ofisi nzima wameshaisoma.

Jana usiku Mama Abdul, ambaye bado namdai dola 40 za nywele, kanitumia ujumbe: "Mheshimiwa Msusi, naanguka miguuni pako."

Nimemwambia ajaze fomu kwanza.